Mama, niwalipe hawa wa jarida au niache?

Shikamoo Mama.

Mimi ni binti wa miaka 27, nasoma shahada ya uzamili hapa Mwanza. Utafiti wangu ni wa konokono wanaoeneza kichocho katika mialo ya Ziwa Victoria. Huu ni mwezi wa saba naamka saa kumi na moja alfajiri, napanda bodaboda nikiwa na ndoo, upawa wa wavu na buti za mpira, nafika mwaloni kabla jua halijawa kali. Nikirudi maabara, kila konokono namweka peke yake kwenye kichupa cha maji, navipanga vichupa dirishani vipate mwanga, baadaye nachungulia kwenye hadubini kama wametoka wale vijidudu wenye mkia wa panda. Kazi yenyewe naipenda sana, Mama. Kinachonitesa ni mambo mengine.

La kwanza ni kusoma. Nikipata kichwa cha makala inayonihusu, nafungua, naona muhtasari tu, halafu chini wanataka dola 30 au 40 ndipo nione iliyobaki. Wiki iliyopita nilihesabu makala 14 ninazozihitaji kwa sura ya pili ya tasnifu yangu. Tisa zimefungwa. Msimamizi wangu ni mtu mwema ila ana shughuli nyingi, aliniambia, "Tumia zinazopatikana." Mwenzangu akanionyesha tovuti moja inayovunja kufuli za makala, lakini ninaogopa.

La pili ndilo linalonikosesha usingizi. Kila tangazo la ufadhili wa udaktari wa falsafa nikilisoma, naona kama linataka mtu aliyekwisha kuchapisha. Nikapata barua pepe kutoka jarida moja la nje, wakiniita Profesa Mheshimiwa, wakiniomba makala. Nikawatumia Jumatatu. Alhamisi wakajibu kwamba imekubaliwa, hakuna cha kurekebisha, nilipe dola 450 ndani ya siku kumi. Hiyo ni zaidi ya milioni moja ya kwetu. Mama yangu anaanika na kuuza dagaa, yumo kwenye kikoba, na ameshasema atakopa. "Jina lako litoke, mwanangu, mengine Mungu anajua." Siku zilizobaki ni sita.

La tatu silijui hata niliiteje. Kuna mzee mwaloni, hushona nyavu chini ya mti. Siku moja aliniuliza, "Nyie mnaochota konokono wetu, majibu huwa mnampelekea nani? Walikuja wenzako zamani, wakachukua na mikojo ya watoto na vinyesi, hatukuwaona tena." Nikakosa la kumjibu. Usiku nikawaza kwamba huenda majibu yao yamo ndani ya mojawapo ya zile makala tisa, na mimi ninayekanyaga tope lile lile siwezi kuyasoma.

Nielekeze, Mama.

Binti wa Konokono, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu.

Naanza na la siku sita kwa kuwa ndilo lenye haraka. Usilipe. Mpigie mama leo hii umwambie asikope hata senti.

Jarida la kweli halipokei makala Jumatatu likaikubali Alhamisi bila neno. Makala ikifika, mhariri huisoma kwanza, na akiona ina uzito huwatafuta wataalamu wawili watatu wa fani hiyo waipitie. Wale hawalipwi, wana kazi zao na familia zao, kwa hiyo wiki nyingi hupita, mara nyingi miezi. Majibu yakirudi huwa yamejaa maswali. Kwa nini ulikusanya asubuhi tu? Mbona hukuandika joto la maji? Umejuaje kwamba hawa vijidudu ni wa kichocho cha binadamu, si cha ng'ombe? Hilo la mwisho naomba ujiulize hata sasa, maana kwenye hadubini wanafanana, na huko mialoni ng'ombe nao hushuka kunywa maji. Nilipokuwa mkutubi, binti mmoja aliwahi kuja kulia mbele ya meza yangu akiwa na kurasa nne za masahihisho. Nikamwagizia chai. Alipomaliza kikombe akaanza kujibu swali moja moja kwa penseli, na makala yake ikatoka mwaka uliofuata ikiwa imara kuliko alivyoileta. Hao waliokuambia hakuna cha kurekebisha hawajaisoma.

Na hasara kubwa haiko kwenye dola 450. Makala ikishatoka huko, jarida la heshima halitaipokea tena, kwa sababu halichapishi kilichokwisha kuchapishwa kwingine. Alfajiri zako za miezi saba zitakuwa zimezikwa mahali ambapo hakuna mtafiti wa kichocho atakayezitafuta. Kwa hiyo waandikie leo kwa maneno machache kwamba unaiondoa makala yako, utunze nakala ya barua hiyo, na usitie sahihi fomu yoyote ya kuhamisha hakimiliki. Wakikudai ada ya kuiondoa, na wengine hufanya hivyo, usiwape. Mwonyeshe msimamizi wako kila kitu. Usione aibu, maprofesa wazima wamenaswa na mtego huo huo.

Lakini nisikupoteze upande wa pili ukadhani kila anayedai ada ni tapeli. Majarida mengi ya kweli yaliyo wazi kwa wasomaji huendeshwa kwa ada ya mwandishi, na ada hizo ni kubwa, nyingine hupita dola 2,000. Tofauti ni kwamba majarida hayo mengi huwasamehe au huwapunguzia waandishi wa nchi zenye kipato kidogo, na Tanzania huwa katika orodha hizo. Masharti yanatofautiana. Wapo wanaotaka waandishi wote wa makala wawe wa nchi hizo, wapo wanaoangalia nani analipa gharama za utafiti. Soma ukurasa wa ada kabla ya kutuma, na ombi la msamaha liende pamoja na makala, lisingoje siku ya bili. Kwa fani yako angalia PLOS Neglected Tropical Diseases, lililoanza mwaka 2007 mahsusi kwa magonjwa kama hili lako, na Parasites & Vectors. Hapa nyumbani kuna Tanzania Journal of Health Research la taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa, NIMR, na Tanzania Journal of Science la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wapo watakaokucheka kwa kuchapisha nyumbani. Waache. Daktari wa wilaya huko ziwani anaweza kulifungua jarida la hapa bila kuombwa dola.

Ukipata jarida usilolijua, litafute kwanza kwenye DOAJ, daftari la majarida yaliyo wazi duniani, au kwenye AJOL, ambako yamekusanywa majarida ya Afrika tangu 1998. Kisha chagua jina moja la mjumbe wa bodi ya wahariri, tafuta anwani yake katika tovuti ya chuo chake, siyo katika tovuti ya jarida, umuulize kama kweli yumo. Nimewahi kumfanyia hivyo mwalimu mmoja. Aliyeulizwa alijibu siku ile ile kwamba hajawahi kulisikia jarida hilo.

Sasa zile makala tisa.

Nina jambo la kukiri hapa. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa walianzisha mpango ulioitwa HINARI, wa kuzifungulia taasisi za nchi maskini majarida ya afya. Baadaye yakaongezeka ya kilimo, mazingira, teknolojia na sheria, na mpango mzima ukaitwa Research4Life. Tanzania imo katika kundi la nchi ambazo taasisi zake huingia bila kulipa chochote. Chuo hujiandikisha, kinapewa nywila, na nywila hiyo mara nyingi hukaa kwa mkutubi. Mimi niliitunza yetu kwenye daftari la jalada jekundu, katika droo ya meza yangu. Niliandika tangazo, nikalibandika mlangoni, nikaona nimemaliza kazi. Kwa mwaka mzima walioingia kuulizia hawakujaza ukurasa mmoja wa daftari lile, wakati huo huo vijana wa ghorofa ya juu wakikata tamaa mbele ya makala ambazo droo yangu ingezifungua. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba ilinipasa nipande ngazi niwafuate. Linaniuma mpaka leo, ndiyo maana nakuandikia kwa urefu.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya maabara, nenda maktaba. Usiulize, "Mna makala hizi?" maana utajibiwa hapana. Uliza, "Chuo chetu kimejiandikisha Research4Life? Naombeni nywila, au nionyesheni jinsi ya kuingia." Kama hakijajiandikisha, mwombe mkuu wa maktaba aanze, haigharimu kitu. Nenda na orodha ya makala zako tisa imeandikwa vizuri, mwandishi, mwaka na jarida. Mkutubi akiona orodha iliyokamilika hukushughulikia tofauti.

Zitakazobaki, usikubali kwamba zimefungwa mpaka umezunguka nyumba ukajaribu milango yote. Makala moja huwa na nakala kadhaa. Ipo ile iliyopambwa ya mchapishaji, ambayo ndiyo yenye kufuli, na mara nyingi ipo nakala ya mwandishi, aliyoiweka kihalali katika hazina ya chuo chake, maneno ni yale yale ila haijapangwa kurasa. Wafadhili wengi wa Ulaya na Marekani siku hizi wanalazimisha jambo hilo. Kwenye Google Scholar, chini ya makala nyingi pana mahali pa kuona matoleo yote. Bonyeza hapo. Tafuta pia PubMed Central, hazina ya Marekani iliyo wazi tangu mwaka 2000, na mwenzake Europe PMC. Na weka Unpaywall kwenye kivinjari chako. Ni kiprogramu kidogo cha bure. Ukifungua makala iliyofungwa, pembeni hutokea kufuli dogo, na likiwa la kijani lililo wazi, libonyeze, litakupeleka kwenye nakala halali. Halitakula bando lako sana.

Ikishindikana, mwandikie mwandishi mwenyewe. Hapa ndipo wanafunzi wetu wanapoona haya, na sioni sababu. Zile dola 40 haziendi kwake. Mwandishi wa makala ya sayansi halipwi na jarida hata shilingi, na furaha yake ni kusomwa. Anwani yake ya barua pepe mara nyingi imo kwenye ukurasa ule ule wa muhtasari ulio wazi, na kwa kawaida ana ruhusa ya kumtumia nakala mtu anayeiomba kwa ajili ya kusoma. Andika Kiingereza chepesi, sentensi nne zinatosha: mimi ni fulani, nachunguza konokono wa kichocho Mwanza, nimeona muhtasari wa makala yako ila chuo chetu hakiwezi kuifungua, naomba nakala. Ukiwa na swali moja la kweli kuhusu kazi yake, liongeze mwishoni. Usimpambe kwa vyeo. Wengine hawatajibu, waandikie tena baada ya wiki mbili, kisha endelea na wengine. Atakayejibu anaweza kuwa ndiye utakayefanya naye kazi miaka mitatu ijayo.

Unamkumbuka Erasto Mpemba. Mwaka 1963 akiwa kidato cha tatu shule ya Magamba kule Lushoto, aliweka maziwa ya moto kwenye friza wakati wenzake wanasubiri ya kwao yapoe, yake yakaganda kwanza. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, Denis Osborne, akaja kuzungumza na wanafunzi, na Mpemba akasimama akamuuliza swali lile lile mbele ya darasa lililokuwa linamcheka. Osborne hakuwa na jibu. Aliporudi chuoni akaagiza lijaribiwe, na mwaka 1969 makala ikatoka katika jarida la Physics Education ikiwa na majina yao wawili. Wanafizikia wanabishana juu ya jambo hilo hadi sasa. Jina lake halikulipiwa, liliingia jaridani kwa sababu aliuliza swali ambalo wenzake walilicheka.

Kuhusu ile tovuti ya mwenzako, nadhani unasema Sci-Hub. Ilianzishwa mwaka 2011 na Alexandra Elbakyan, binti wa Kazakhstan aliyechoshwa na kufuli kama ulivyochoshwa wewe, na mwaka 2017 mahakama ya New York iliamuru mchapishaji Elsevier alipwe dola milioni 15. Watafiti wengi wanaitumia, wakiwemo wa vyuo tajiri. Sikuhukumu kwa kuifikiria, na hasira ya yule binti naielewa sana. Lakini siwezi kukutuma kwenye mlango uliopigwa marufuku wakati ile ya halali hujaibisha hodi. Ianze hiyo kwanza.

Na usijione mjinga kwa kushindwa kusoma ulichofungiwa. Ebola ilipoilipukia Liberia mwaka 2014, wahudumu wa afya wa kule walikuwa wamezoea kuamini kwamba ugonjwa huo si wa kwao. Mwaka uliofuata Dkt. Bernice Dahn, aliyekuwa mganga mkuu wa nchi hiyo, aliandika na wenzake katika gazeti la New York Times kwamba waligundua makala ya mwaka 1982, ya watafiti wa Ulaya katika jarida la Ulaya. Makala hiyo ilieleza kwamba damu ya baadhi ya Waliberia ilikuwa na dalili za Ebola, na ikashauri Liberia ihesabiwe miongoni mwa nchi zenye ugonjwa huo. Damu ilitoka kwao. Hapakuwa na mwandishi hata mmoja wa Liberia. Na kuipakua makala moja kama hiyo kulikuwa dola 45, karibu nusu ya mshahara wa wiki wa daktari wa kule. Nilipoisoma habari hiyo niliiweka chini nikanyamaza kwa muda. Kwa hiyo yule mzee wa nyavu hakukuuliza jambo dogo.

Ufadhili nitaupitia haraka, kwa kuwa kosa lako hapo ni moja tu, umesoma matangazo kwa hofu. Wengi wanaochukua watu wa udaktari wa falsafa huangalia andiko la utafiti, barua za walimu na kama umejua unachokitafuta. Kuchapisha husaidia, lakini si wote wanaolitaka. Angalia OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea lenye makao Trieste, Italia. Kwa miaka mingi limewafadhili wanawake kama wewe kusomea udaktari katika nchi nyingine ya Kusini. Mji huo huo una TWAS, akademia iliyoanzishwa mwaka 1983 na Abdus Salam wa Pakistani, mshindi wa Nobeli ya fizikia. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, nalo hufadhili masomo ndani ya Afrika yenyewe. Kwa uandishi wa makala jiunge na AuthorAID, ni bure, utampata mtafiti mzoefu wa kukushika mkono. Na kama ilivyo kwa jarida, anayekuomba utume pesa kwa simu ili jina lako lipitishwe, mfute.

Limebaki la mzee, na kwangu ndilo kubwa. Umelitaja la mwisho kama vile si swali la kitaalamu. Katika zile makala tisa, anza na zilizochukua sampuli ziwani. Tazama jina la mwalo, mwaka, na majina ya waandishi. Ukikuta ni wale wale waliochukua mikojo ya watoto, waandikie, na safari hii usiombe nakala peke yake. Waeleze kwamba kuna watu mwaloni bado wanasubiri majibu, na uwaulize kama watakuruhusu uyapeleke. Watakaojibu, yasome majibu yao vizuri, kisha uyaandike upya kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, bila jedwali: konokono gani, sehemu gani ya ufukwe, saa ngapi za mchana maji yana vijidudu wengi zaidi, watoto wapewe dawa wapi. Chini yake weka ya kwako.

Msimamizi na kamati ya maadili ya chuo wajulishe kwanza, halafu mwone mwenyekiti wa mtaa na uongozi wa mwalo. Nenda jioni watu wakiwa wameketi, siyo alfajiri wakipakua samaki. Beba hadubini moja na kichupa kimoja cha maji yenye vijidudu, funga kifuniko vizuri, vaa glavu, na pasiwe na mtoto wa kukigusa. Mzee wa nyavu achungulie wa kwanza.

Halafu niandikie alichosema.